Waya wa Kumi na Nane

Ripoti ya tume inasema nilikata nyaya kumi na nane za ethi. Hesabu hiyo ni sahihi. Walichokosea ni tarehe ya waya mmoja, na kwa miaka sita sikuwasahihisha. Mwenye waya huo amefariki kwa maradhi ya kawaida ya uzee, tumemzika Jumamosi iliyopita, kwa hiyo sasa naweza kusema.

Naitwa Osmunda Mlowe. Nilikuwa mkaguzi wa viti wa Ushirika wa Madereva wa Mbali, tawi la Makambako. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na mita begani, kupima viti vya mwendo, kubandika stika yenye saini yangu, na kunywa chai nisiyoiomba. Watu waliniona mkali, na nilikuwa mkali kweli. Mtu anayekuchekea wakati anapima umeme wa nyumba yako, mkatae.

*

Jumanne ile mvua ilikuwa katika siku ya tisa. Saa nne kasoro robo asubuhi nilifika kwa akina Ngole, mtaa wa Misindano, maana stika yao ilikuwa inaisha mwezi huo. Nikasema "Kamwene" mlangoni. Mama Atanasia, mwenye nyumba ile, akanifungulia kidole kikiwa midomoni, nisipige kelele.

"Kamwene, fundi. Sekela yuko mlimani."

Kwetu hiyo maana yake mtu yuko sebuleni. Sekela, mke wa mwanawe, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwendo, kofia imemfunika hadi puani, mikono kwenye vishikio, na kiti kinamyumbisha taratibu kushoto na kulia. Mlima wenyewe, Idunduma, uko kilomita mia mbili kutoka pale. Ulikuwa umeporomoka saa kumi na moja alfajiri, ukafukia nyumba za walimu na ghala la kiwanda cha chai. Kobe wawili walikuwa huko. Mmoja alikuwa wa Sekela. Wa pili aliendeshwa na Optatus Sanga, ambaye nyumba yake iko mwisho wa mtaa huohuo.

Kama hujawahi kumwona kobe, ni mashine ya miguu sita, tani nne, inayoingia pale ambapo udongo bado unatembea na mtu mwenye akili zake hawezi kukanyaga. Anabeba zege mgongoni huku waokoaji wanachimba chini ya tumbo lake. Kompyuta inaweza kumtembeza barabarani vizuri tu. Lakini mlima uliolowa haujulikani kwa macho, unajulikana kwa makalio. Ndiyo maana dereva anakaa kwenye kiti kinachoinama kila kobe anapoinama, na mgongo wake unajua kwamba udongo unateleza kabla kamera haijaonyesha kitu.

Waliomtengeneza kobe walimfundisha jambo moja la kufanya akikosa dereva. Anapiga magoti. Anashusha tumbo hadi chini na kutulia, ili asije akapinduka. Ni wazo zuri sana ukiwa umekaa karakanani. Kumpata dereva mwingine na kumuunganisha huchukua dakika arobaini, na muda wote huo kobe yuko magotini.

Ushirika ulitoa kofia na mawasiliano. Kiti ulijitengenezea mwenyewe. Cha Sekela kilitengenezwa na mumewe Eliuter, seremala, kwa siti ya lori, fremu ya chuma, na mota tatu za mashine za kusaga mahindi. Kila mota ilikuwa na inveta yake, kile kisanduku kinachoiambia iende haraka au polepole. Nusu ya Makambako ilikuwa imekalia mota za mashine za kusaga. Zilikuwa na nguvu, zilipatikana, na hakuna aliyekumbuka kwamba zilitengenezwa zifungwe sakafuni, siyo kutikiswa chini ya binadamu saa nane mfululizo.

Kabla sijavua koti niligusisha testa kwenye fremu ya kiti. Ni mazoea tu, jinsi mtu anavyopapasa mfuko kuona kama funguo zipo.

Taa ya testa ikawaka.

Nikatoa mita, nikapima vizuri kati ya chuma na bomba la maji la jikoni. Volti mia moja themanini na sita. Mahali fulani ndani ya mota moja, mtikisiko ulikuwa umekwangua waya, na waya ulikuwa umelala kwenye chuma. Kiti kizima kilikuwa na umeme, na Sekela alikuwa amekikalia tangu alfajiri, hana habari.

Alikuwa hai kwa sababu alivaa gambuti na glovu za mpira, na sakafu ya sebule ilikuwa mbao za msindano, kavu. Umeme ulimpanda ukakosa pa kushukia. Ndege anakaa juu ya waya wa nguzo kwa sababu hiyohiyo. Ilimradi asiguse kitu kinachofika ardhini, na asiguswe na mtu aliyesimama ardhini, angeweza kukaa pale mpaka jioni akashuka salama akalalamika mgongo.

*

Kitabu cha wakaguzi kina sentensi moja kuhusu jambo hili: chuma cha kiti kikiwa na umeme, zima kwanza, uliza baadaye. Naifahamu vizuri kwa sababu niliiandika mimi.

Swichi ilikuwa ukutani, upande wa mlango wa mbele. Nikasimama chini yake, mkono umeinuliwa. Kwenye spika ndogo ya ukutani nilisikia waokoaji wakiongea na Sekela. Chini ya tumbo la kobe wake, mita mbili chini, kulikuwa na mwalimu wa kike aliyebanwa kati ya ukuta na kitanda. Alikuwa akigonga bomba. Tatu, kimya, tatu, kimya. Kobe alikuwa ameshikilia zege la paa juu yake. Nikizima, kobe angepiga magoti.

Nikafikiria kurudisha waya wa ethi palepale. Haingesaidia. Ukiunganisha ethi kwenye chuma chenye umeme, breka inakata mara moja, na breka ikikata ni sawa na mimi kuzima. Nikashusha mkono.

Nilikasirika, na si kwa sababu ya mota. Mota huharibika. Kama waya wa ethi ungekuwepo, kosa lile lingejitokeza siku lilipoanza, labda wiki nzima kabla, wakati kiti hakina mtu. Breka ingekata, Eliuter angeniita, ningekuja nikapiga kelele, basi. Waya haukuwepo kwa sababu niliukata.

Nieleze hilo, maana tume ililiandika kurasa ishirini na bado watu hawakulielewa. Waya wa ethi ni njia ya umeme uliopotea kurudi ardhini bila kupitia mwili wa mtu. Pamoja nao tuliweka swichi ya uvujaji, inayokata kila kitu ikiona umeme umevuja hata kidogo. Tatizo ni kwamba inveta kwa maumbile yake inavujisha kidogo kwenye ethi, wakati wote, hata ikiwa nzima. Inveta tatu zinavujisha mara tatu. Swichi ikiona hivyo inadhani kuna mtu anapigwa shoti, inakata.

Msimu wa mvua wa miaka miwili kabla ya Jumanne ile, swichi zilikata mara nne madereva wakiwa kazini. Mara nne kobe walipiga magoti. Mara mbili kulikuwa na watu chini. Baada ya ile ya pili nilichukua plaizi nikaanza kupita kwa wale waliokuwa wakilalamika. Ukikata waya wa ethi, uvujaji unakosa njia, swichi inanyamaza. Na kwa umeme uliokwishapita kwenye inveta, swichi zile za bei nafuu hazishtuki hata ukipita mwilini mwa mtu. Nilikata kumi na saba kati ya viti arobaini na kimoja. Nikafunga kila kisanduku kwa lakiri yangu, ambayo dereva haruhusiwi kuifungua, nikabandika stika juu yake. Sikumwambia mtu. Kwa miaka miwili hakuna kobe aliyepiga magoti, na watu waliniletea viazi kwa magunia bila kujua wanachoshukuru.

Dereva mmoja tu ndiye aliyewahi kuniuliza habari za ethi ana kwa ana, bila kujua nilichofanya kwa wengine. Optatus Sanga. Kaka yake Julius alikufa ameshika mashine ya kusaga, Optatus akiwa amesimama pembeni na ndoo ya mahindi, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Aliniambia swichi yake ikate hata mara mia, lakini waya wake wa ethi usiguswe. Alinifanya niandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kisanduku: USIKATE. Nikaandika. Alibadilisha inveta zake kwa nyingine zisizovujisha sana, akahangaika nazo mwezi mzima, na kiti chake kikatulia chenyewe bila hila.

*

Nilimvuta Mama Atanasia jikoni. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo tume haikuliandika kabisa.

Alikuwa anachemsha maji. Nilijua ni ya nini. Madereva wetu wana desturi, ilianza yenyewe, hakuna aliyeitunga. Dereva akimtoa mtu hai, anaoshwa miguu kwa maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, palepale kitini, kabla hajashuka wala kusema na mtu. Asishuke na udongo wa mlima, ndivyo wanavyosema. Dereva hana udongo wowote, yuko nyumbani kwake. Lakini nimewaona wanaume wakubwa wakilia huku mama zao wanawavua gambuti. Kwa Mama Atanasia hii ingekuwa mara ya sita kumwosha Sekela, na mara zote tano alikuwa amezitangaza kanisani.

Ningeweza kumwambia ukweli pale, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili. Maneno nilikuwa nayo kichwani. Badala yake nilimwambia kiti kina hitilafu kidogo, kwamba asiingie mtu mpaka niseme, na kwamba nitakaa mlango wa mbele. Aliniuliza hitilafu gani. Nikasema ya kawaida. Niliogopa atauliza waya ulikatwa na nani. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine, na nimekuwa nayo aibu hiyo tangu siku ile.

"Haya, fundi," alisema, akaongeza kuni.

Nikarudi kukaa chini ya swichi. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mwalimu akitolewa, waokoaji wakishatoka chini ya kobe, nazima. Saa tano ikapita. Saa sita. Kiti kinayumba, Sekela anahema kwa mdomo, bomba linagonga. Kila nusu saa niligusisha testa, na kila mara taa iliwaka. Kwenye spika nilimsikia na Optatus pia, maana maiki za kofia hazina swichi. Madereva walio kwenye mlima mmoja husikiana wote, ili mmoja akihisi udongo unakwenda wengine wajue. Optatus alikuwa amebeba dari la ghala. Chini yake kulikuwa na mlinzi wa kiwanda, mzee Ngailo, ambaye tayari walishamnasua mguu mmoja na wanashughulikia wa pili. Mzee huyo alikuwa na maneno mengi. Aliuliza kama kuna mtu amefungia mbuzi wake.

Saa saba na dakika kumi spika ikasema, "Mwalimu ametoka. Yuko hai. Dereva, usisogee, tunampitisha chini yako."

Dakika mbili. Nilihitaji dakika mbili tu. Nikanyanyuka nikashika swichi.

Mlango wa jikoni uko upande wa pili wa sebule, karibu kabisa na miguu ya kiti. Mama Atanasia alikuwa na spika yake jikoni. Aliingia na beseni, peku, nguo zimelowa hadi magotini kwa maji aliyoyamwaga kwa haraka, akapiga magoti kwenye kizingiti. Kizingiti cha jikoni ni saruji, na saruji imeketi ardhini. Alikuwa anacheka. Mkono ulikuwa umeshanyooka kuelekea gambuti la Sekela ili alivue.

Nikasema asimguse. Hakusita. Aliinua macho, akaonyesha stika kwa kidevu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina lake.

"Si wewe uliyesaini, fundi?"

Kati yangu na yeye kulikuwa na hatua saba. Nikizima swichi, kobe wa Sekela anawashukia waokoaji na mwalimu wao. Nisipozima, wanawake wawili wanakufa mbele yangu. Kilichobaki kilikuwa mdomo, na nilijua maiki ya Sekela iko wazi. Tume iliniuliza hilo mara tatu kwa njia tatu tofauti. Nilijua. Sikusahau hata kidogo.

"Saini ni ya uongo," nilisema. Nilisema kwa nguvu, ili mama yule mwenye furaha anisikie. "Nimekata nyaya za ethi kwenye viti nilivyosaini. Hicho chuma kina umeme, mama. Ukimgusa mnakufa wote wawili."

Mkono wake ukabaki hewani. Maji yakawa yanadondoka kutoka vidoleni mwake kurudi kwenye beseni. Nikamwambia arudi nyuma taratibu, akarudi, kwa magoti, bila kuondoa macho kwangu.

Sekela hakuwa amesogea. Kichwa chini ya kofia, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nikikaa hivihivi nakufa?"

"Ukikaa hivyohivyo hufi."

"Basi nakaa. Niambie watu wakishatoka."

Msichana yule nampa heshima mpaka leo. Lakini yeye aliweza kuniuliza, na mimi nilikuwepo kumjibu. Optatus alikuwa peke yake sebuleni kwake mwisho wa mtaa, kichwa ndani ya kofia, na sauti ya mkaguzi wake inamwambia kwamba nyaya za viti alivyosaini zimekatwa. Sikusema kumi na saba. Sikusema ni vipi na vipi sivyo. Kwenye spika tulisikia kishindo cha kitu kama kiatu kikigonga sakafu, halafu kofia ikining'inia na kugongagonga.

Kisha mwokoaji mmoja akasema, bila kupaza sauti, kwamba kobe wa pili amepiga magoti.

Sekela aliita, "Optatus. Optatus, rudi." Akaita tena mara ya tatu. Sauti ya mzee Ngailo haikusikika tena siku ile.

*

Waokoaji wa mwalimu walipotoka chini ya kobe, nilizima. Sekela alishuka mwenyewe, akavua gambuti mwenyewe. Mama Atanasia alibeba beseni nje, akalimwaga kwenye mvua, na hakuniaga.

Nilipiga simu kwa Ushirika nikawaambia wawaambie madereva wote wasio kazini wazime viti. Niliwatajia kumi na saba kwa majina, ninayajua yote kwa moyo. Wakauliza kama kuna vingine. Nikasema nitahakikisha. Halafu nikatembea hadi mwisho wa mtaa.

Optatus alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani. Mguu mmoja ulikuwa na gambuti, wa pili ulikuwa wazi, mweupe kwa baridi. Alikuwa ameruka kitini kwa nguvu hata kiatu kikabaki ndani. Mkewe, Gaudensia, alisimama mlangoni na khanga mabegani, hajui amguse au amwache. Nikasalimia. Nikaingia.

Kiti kilikuwa bado kimewashwa, kimelala sawasawa kabisa kama kobe wake. Nikagusisha testa kwenye chuma. Taa haikuwaka. Nikapima kwa mita, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikabadilisha mahali pa kugusa, nikakwangua rangi ili nisijidanganye. Sifuri. Nikavunja lakiri yangu, nikafungua kisanduku. Waya wa ethi ulikuwa umesimama mahali pake, kijani na njano, skrubu imekaza. Juu yake lile neno kwa mwandiko wangu.

Kilikuwa kiti salama kuliko vyote Makambako. Nadhani hata leo sijaona kingine kama kile.

Nilizima swichi ya ukutani, nikasimama pale na plaizi mkononi. Nilikuwa nimezishika kwa ajili ya lakiri tu.

"Fundi." Alikuwa anaongea kutoka barazani, hakutaka kuingia. "Na changu ulikata?"

Nilikuwa na majibu mawili na yote yalikuwa tayari mdomoni. Jibu la kweli lingesafisha jina langu machoni pake, kwamba angalau yeye sikumsaliti. Lakini lingemwachia kifo cha mzee Ngailo. Lingemwambia kwamba alikuwa na dakika zote alizotaka, kwamba angekaa tu, jinsi Sekela alivyokaa, na yule mzee angerudi kwa mbuzi wake. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Angejiuliza hilo kila asubuhi hadi afe, na angelijibu vibaya kila mara.

Jibu la uongo lilihitaji nikate waya mmoja zaidi tu. Wapimaji wa tume wangekuja, wangefungua kisanduku, na waya mzima ungenisuta.

Watu wameniambia, wale wachache niliowahi kuwadokezea kwa mafumbo, kwamba mtu aliyeumizwa na uongo hatibiwi kwa uongo mwingine. Inawezekana. Mimi ni mtu wa vipimo, mambo hayo sikuyasomea. Najua kwamba familia ya Ngailo ilistahili kujua ukweli, na sikuwapa. Najua pia kwamba miaka miwili kabla nilishika plaizi zilezile nikiwa na hakika naokoa watu, na siku ile nilikuwa tena na hakika ileile mkononi.

Nililamba kidole gumba nikafuta lile neno. Wino ulikuwa umekauka, ikabidi nisugue kwa upindo wa koti. Kisha nikaukata waya. Ulitoa sauti ndogo.

"Njoo uone," nikamwambia.

Alikuja akasimama mlangoni na mguu wake mmoja wazi. Niliinua ncha mbili za waya, nikamwonyesha. Ncha zilikuwa zinang'aa, mpya, shaba tupu. Mtu mwingine yeyote wa kazi hii angeona kwamba zimekatwa dakika hiyohiyo. Nilimwona akiziangalia, na kwa muda nilidhani ameona. Optatus alizitazama sana.

"Nilikusimulia habari za Julius," alisema.

"Ulinisimulia."

"Ukaandika mwenyewe hapo ndani."

"Niliandika. Halafu nikakata."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kupigwa. Alipumua mara moja, pumzi ndefu, mabega yakamshuka, akaegemea fremu ya mlango kama mtu aliyetua gunia.

"Toka kwangu, Osmunda," alisema. Miaka yote alikuwa akiniita fundi.

Nilikusanya vifaa vyangu nikatoka. Gaudensia alinipisha barazani. Alikuwa ameshika beseni, mvuke unapanda. Maji yale ni ya dereva aliyemtoa mtu hai, na mwanamke yule alijua hilo kuliko mimi. Nilipofika barabarani niligeuka mara moja. Optatus alikuwa amerudi kukaa kwenye benchi, na mkewe alikuwa amepiga magoti anamvua lile gambuti lililobaki, naye alimwachia.

Miaka sita tulipishana sokoni, na miaka sita hakunisalimia. Aliendelea kuendesha. Alitengeneza kiti kipya kwa mkono wake, akaweka ethi mbili, na alitoa watu kumi na mmoja kabla mgongo haujamkataza.

Tume ilifika Alhamisi ya wiki ile na orodha yangu ya viti kumi na saba. Walifungua visanduku vyote arobaini na kimoja, wakahesabu kumi na nane. Wakaniuliza kama nilisahau kimoja. Nikasema ndiyo, nilisahau, wakaandika.